Mtu wa Kubaki

Mjini Kisumu ukitaja mwinjilisti, watu wanafikiria spika. Wanafikiria kijana mwenye suti inayong'aa, picha yake kwenye bango lililobandikwa juu ya bango la mwenzake, na sauti inayokufuata mpaka unapochagua nyanya. Sina ugomvi na vijana hao, kila mtu na riziki yake. Lakini neno hilo nililijua kabla yao, na kwangu lilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake: mrefu, mkimya, aliyeinama kidogo kama anayepita mlango mfupi, na ambaye hakuwahi kushika spika maishani mwake. Watu wa kanisa letu pale Kisian walimwita Mwinjilisti. Wanawake wa kijijini walimwita Japuonj, yaani mwalimu. Jina lake la kubatizwa nililijua nikiwa mtu mzima, na hata nilipolijua halikunikaa mdomoni.

Kwetu neno hilo lilikuwa na mipaka yake, na kila mtu aliijua. Pasta alikuwa mmoja na makanisa yalikuwa mengi. Pasta aliishi mjini, akizunguka kwa zamu, na kwetu alifika mara chache kwa mwaka, mvua ikipenda. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa la Mwinjilisti. Yeye ndiye aliyefagia, aliyegonga ile rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu, aliyefundisha waliotaka ubatizo, aliyeketi na wafiwa, aliyepatanisha ndugu waliogombania mpaka wa shamba. Ila mambo mawili hakuruhusiwa hata kwa bahati mbaya: kubatiza, na kugawa Meza ya Bwana. Hayo yalimngoja mwenye joho.

"Mimi ni wa kuchemsha maji," alipenda kusema. "Unga iko na mwenyewe."

Alisema hivyo akicheka kile kicheko chake kisichokuwa na sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mzaha.

Siku ya ubatizo tulikwenda ziwani, watu wazima na watoto, tukiimba. Pasta aliingia majini mpaka kiunoni, na wale ambao Mwinjilisti alikuwa amewafundisha mwaka mzima, mlango kwa mlango, wakamfuata mmoja mmoja. Mwinjilisti alibaki nchi kavu na viatu. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake siku hiyo, kulinda viatu na taulo. Alivipanga kwa jozi, ncha zikitazama ziwa, na kila mtu alipotoka majini akitetemeka alimkuta yeye, ameshika taulo lake na si la mwingine. Mwenyewe aliogopa maji vibaya sana. Aliishi miaka yote hiyo kando ya ziwa na hakuwahi kupanda mtumbwi. Alihubiri juu ya Petro kutembea juu ya maji kwa ufasaha mkubwa, na Mama akanong'ona kwamba huyo mhubiri mwenyewe hata akiona beseni limejaa anazunguka.

Mama ndiye aliyetufanya tuwe karibu naye. Sisi si watu wa ziwa. Baba na Mama walitoka upande wa Nyeri kuja kutafuta biashara, Baba akafariki mapema, na Mama akabaki Kisian na duka la nafaka, maharagwe na mahindi na viazi vya gunia. Kanisa la karibu lilikuwa hilo, na ibada yote ilikuwa kwa Kiluo. Mama hakujua Kiluo zaidi ya salamu na bei. Jumapili ya kwanza alikaa kando ya dirisha akitazama nje, kama mtu anayengoja kitu kingine kabisa.

Mwinjilisti alimwona. Tangu Jumapili ya pili alianza mtindo wake. Anahubiri kwa Kiluo, anapandisha, anateremsha, kisha anafika mahali anatua, anageuza uso upande wa dirisha na kusema sentensi moja kwa Kiswahili.

"Mama Njeri, hapa nasema hivi: Mungu haisahau mtu yake."

Halafu anarudi kwenye Kiluo. Kanisa zima lilingoja hiyo sentensi ya Mama Njeri. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, na cha Mama kilikuwa kibovu kwa namna nyingine, lakini walipokutana hapo katikati walielewana kuliko watu wengi ninaowajua. Mimi Njeri ndiye niliyekua katika Kiswahili hicho, na pengine ndiyo sababu ninaandika haya kwa lugha hii.

Ule mwaka wa vurugu za uchaguzi, watu walipoanza kuulizana makabila barabarani, alikuja na stuli yake akakaa mbele ya duka letu lililofungwa, Biblia magotini. Sitaki kumpamba. Alikuwa anaogopa, nilimwona kupitia ufa wa mlango, Biblia ilikuwa ikitikisika juu ya magoti yake. Vijana wakaja, wakamwuliza anafanya nini hapo. Akasema, "Nasoma." Wakasimama kidogo, mmoja wao alikuwa amefundishwa naye shule ya Jumapili, wakaondoka. Jioni alihama na stuli yake bila kubisha hodi.

Baada ya hapo Mama hakumwacha apite dukani bila swali.

"Mwinjilisti, umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Uongo."

Na sahani ikatoka. Mara nyingi ilikuwa mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula ambacho Mama alikiita githeri na yeye alikiita nyoyo, na walibishana jina lake mpaka sahani inakwisha. Wanakanisa nao walimpenda, lakini kuku walimchinjia pasta. Pasta alipewa firigisi, kama ilivyo heshima ya mgeni. Mwinjilisti alipewa shingo, kwa sababu yeye si mgeni. Sijawahi kumsikia akilalamika juu ya shingo.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mtu wa kanuni mpaka anachosha. Mlevi mmoja wa pale sokoni alilala kwenye mabenchi ya kanisa msimu mzima wa mvua na Mwinjilisti akamfunika na pazia la madhabahu, lakini mzee mmoja aliyechelewa mafundisho ya ubatizo mara moja aliambiwa arudie mwaka. Huruma yake na kanuni zake ziliishi nyumba moja bila kusalimiana. Kanuni aliyoipenda kuliko zote aliwafundisha wanafunzi wa ubatizo kwa kuwaimbisha: Meza ya Bwana mtu hajipakulii. Hata pasta hajipakulii. Anapewa na mkono wa mwingine. "Kwa sababu njaa hiyo," alisema, "si ya kujimalizia peke yako."

Mimi kanuni zake zilinipata. Nilihamia mjini, nikapanga chumba mtaa wa Migosi na kuanza kushona sare za shule. Niliolewa, ndoa ikavunjika, nikaishi na mtu mwingine bila kanisa kujua, kisha kanisa likajua. Siku moja Mwinjilisti akaja Migosi na mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na shati lake jeupe. Kola ilikuwa imeliwa na alitaka niigeuze, ule upande mzima uje nje. Nikaigeuza akiwa ameketi kwenye kitanda changu, kwa kuwa sikuwa na kiti cha pili. Alipolivaa ndipo aliposema kilichomleta.

"Nyathina, mimi nimetumwa na wazee. Wewe Meza ya Bwana usikaribie kwanza."

Nyathina ni mwanangu. Aliniita mwanangu na kunifungia mlango katika sentensi moja. Nilimwambia asihangaike, nilikuwa nimeshaacha kwenda. Akainamisha kichwa, akashukuru kwa kola, akaenda. Nilikasirika miaka. Na miaka hiyo yote aliendelea kuniletea mashati, na mimi niliendelea kugeuza kola, na hatukuzungumzia jambo hilo tena. Yule mtu wangu naye aliondoka. Nilibaki na cherehani, na wakati mwingine mgeni pekee niliyempata mwezi mzima ni yule aliyenifungia mlango. Alikunywa chai taratibu sana. Nadhani hakuwa na haraka ya kurudi kwenye chumba chake nyuma ya kanisa, kama mimi nisivyokuwa na haraka ya kubaki peke yangu.

Siku moja nilipokuwa kwa Mama pale Kisian alikuja mmoja wa wale vijana wa spika. Alikuwa amehubiri kando ya barabara ya Busia tangu asubuhi, ametoa jasho, akaingia dukani kwa Mama kununua maji akamkuta Mwinjilisti amekaa juu ya gunia.

"Nimesikia we pia ni mwinjilisti," kijana akasema akimpa mkono. "Sisi ni watu wa kazi moja, Mzee."

"Ukimaliza hapa unalala wapi?"

"Narudi Kisumu. Kesho niko Siaya, keshokutwa Busia."

"Na yule mama amelia mbele yako leo huko barabarani, nani ataenda kwake kesho?"

Kijana akatabasamu, akasema Roho Mtakatifu ataenda.

"Hiyo ni kweli," Mwinjilisti akasema, bila kejeli. "Lakini Roho hapiki uji. Mwinjilisti ni mtu wa kubaki, kijana yangu. Pasta anaenda, wewe unaenda. Yeye anabaki."

Mama alicheka sana baadaye. Mimi sikucheka. Nilimtazama pale juu ya gunia na kuona kwamba alichokieleza kama kazi kilikuwa pia maisha yake yote. Watu wake walibatizwa na mwingine, wakafungishwa ndoa na mwingine, na kwenye picha zao za siku kubwa utamkuta pembeni, ameshika mwavuli wa mtu. Kila mara aliahidiwa kupelekwa chuo ili awe pasta. Kwanza alikuwa hajasoma vya kutosha, kisha walikuwa wengi waliomtangulia, mwisho akawa mzee mno. Mtoto ambaye yeye alimfundisha kusoma aya za Jumapili ndiye aliyekuwa pasta wetu mwishowe. Siku ya kuwekwa wakfu kwake, Mwinjilisti ndiye aliyempigia joho pasi.

Mama alikuwa na jicho. Ni yeye aliyegundua jambo ambalo kanisa zima lilidhani ni unyenyekevu. Kila pasta alipokuja kugawa Meza ya Bwana, Mwinjilisti alitandika kitambaa, akapanga vikombe, akamega mkate tayari, halafu akatoka nje. Alikwenda kuangalia gari la pasta, au kutuliza watoto. Alirudi wakati wa kukunja kitambaa. Mama alimwangalia akifanya hivyo mara nyingi kabla ya kufungua mdomo. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda Kisian kumsaidia kuchambua maharagwe.

"Mwinjilisti, mbona wewe hukulangi hiyo meza unatandika?"

"Hiyo ni maneno ya zamani, Mama."

"Mimi niko na siku mzima."

Alichukua maharagwe kidogo kwenye kiganja akaanza kutoa mawe, huku akizungumza na hayo maharagwe zaidi kuliko na sisi. Alikuwa mwinjilisti Katito wakati huo, alisema, kabla ya kuletwa Kisian. Alikuwa na mke. Hatukuwahi kumsikia akimtaja. Mke akaugua, hospitali ikawaambia warudi nyumbani wakapumzike, na mvua ikaja, mto ukakata barabara. Pasta alikuwa upande wa pili wa maji.

"Akaniomba Meza ya Bwana. Akaniambia, mkate iko kwa kabati, kikombe iko, na wewe uko na mkono. Nipe."

Mama aliacha kuchambua.

"Mimi nikasema, ngoja pasta. Mimi ni mwinjilisti tu."

"Akangoja?"

"Alingoja. Alikuwa mtu ya kungoja sana. Kila akisikia mlango anauliza, ni pasta? Halafu akanyamaza." Akatupa jiwe dogo nje. "Kesho yake maji ikashuka. Pasta akafika. Akaniambia mbele ya watu, mwinjilisti, umeshika kanuni, umefanya vizuri. Hiyo vizuri ndiyo inaniuma mpaka leo. Sasa mimi nitakula aje, Mama, na yeye nilimnyima?"

Nilitegemea Mama aseme kitu cha dini, alikuwa navyo vingi. Badala yake alinyanyuka, akaenda jikoni, na nikasikia kifuniko cha sufuria.

"Umekula?" akauliza kutoka huko.

"Nimekula, Mama."

"Uongo," Mama akasema, lakini sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

Kisha Mwinjilisti akastaafu. Wazee hawakuita hivyo, walisema apumzike, wakampa chumba nyuma ya kanisa la Katito, lile lile alilotoka. Mashati yakaja kwa nadra, halafu hayakuja tena. Nilimpigia simu mara moja moja. Alikuwa akiniuliza habari za Mama, namuuliza habari zake, anasema kuko kimya. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kila mara.

Mama alipofika mwisho wake nilifunga chumba Migosi nikarudi Kisian kumwuguza. Alikuwa amebaki mdogo kitandani, akili ikiwa nzima. Asubuhi moja akasema anataka Meza ya Bwana. Nilimpigia pasta. Alikuwa Nairobi kwenye semina. Kijana mwema, alihuzunika kweli, akaniahidi kufika wiki inayofuata bila kukosa. Nikamwambia Mama. Akatikisa kichwa juu ya mto.

"Wiki ijayo ni yake. Mwite Mwinjilisti."

"Mama, unajua hawezi."

"Wewe mwite."

Alifika kesho yake mchana. Kutoka Katito mpaka Kisian kwa mzee kama yeye ni safari, na vumbi lilikuwa limempaka suruali hadi magotini. Alikuwa amevaa shati nililolitambua. Kola niliyoigeuza nayo ilikuwa imeliwa upande wa pili, na kola haina upande wa tatu. Alimsalimia Mama, akauliza pasta amesema nini. Nikamwambia, wiki ijayo.

Alimtazama Mama. Hapakuwa na mto uliokata barabara siku hiyo. Jua lilikuwa kali, barabara ilikuwa kavu, magari yalisikika yakipita kwenda Busia. Lakini nilijua anasikia maji.

"Nyathina," akasema, "kuna mkate hapa?"

Kulikuwa na mkate wa dukani, na juisi ya zabibu niliyomnunulia Mama ambayo alikuwa ameikataa. Akaomba kitambaa cheupe. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na kipande cha kitambaa cha mashati ya shule, nikakitandika juu ya kigoda kando ya kitanda. Akanawa mikono kwenye beseni kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno yote ya pasta, akiyageuza kwa Kiswahili, polepole, bila kitabu. Alikuwa ameyasikia kutoka nje ya mlango maisha yake yote. Akamega mkate, akauweka kinywani mwa Mama. Akamnywesha kwa kijiko.

"Asante, Pasta," Mama akasema.

"Mimi ni mwinjilisti, Mama."

"Najua," akasema Mama, akafumba macho.

Kilibaki kipande kimoja cha mkate. Nilidhani atakifunga kwenye kitambaa. Alikichukua akaninyooshea, na hasira yote ya zamani ikanirudia.

"Mwinjilisti, ni wewe uliniambia nisikaribie."

"Nilisema. Sikupi wewe." Alikuwa ameshika mkate kwenye kiganja kilichofunguka, kama alivyoshika yale maharagwe. "Nakuomba unipe. Mtu hajipakulii."

"Mikono yangu unaijua."

"Nyathina, mkono ni mkono. Niliambiwa hivyo zamani, sikusikia."

Nikachukua kile kipande kutoka kiganjani mwake. Aliinama, maana ni mrefu, akafungua kinywa kama mtoto, nikamlisha. Alitafuna kwa muda mrefu sana kwa kitu kidogo kile, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta, na midomo yake ilikuwa ikitaja jina moja, si la Mungu, jina la mwanamke, ambalo sikuwahi kulisikia kabla ya siku hiyo. Kisha nikampa kijiko cha juisi. Akashika ukingo wa kitanda akakaa.

Mama akafungua jicho moja.

"Njeri," akaniita. "Amekula?"

"Amekula, Mama," nikamwambia.